Maongezi ya Juma: Bamvua na Sikukuu

Kila Idd ya kufungua mwezi watu wa bara ya Mombasa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, huteremka pwani makundi kwa makundi. Waislamu huteremka, na jirani zao Wakristo huteremka nao, maana sikukuu hapa kwetu haiulizi dini ya mtu. Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta kule Bamburi hujaa watoto hata mchanga hauonekani, na Shelly Beach kule Likoni hali ni hiyo hiyo. Furaha hii hailaumiki. Lakini siku hiyo ina jambo moja ambalo wengi hawalitii maanani, nalo ni kwamba Idd ya kufungua mwezi huangukia bamvua kila mwaka, wala haikosi.

Sababu yake si ngumu. Idd hutangazwa mwezi unapoandama, na mwezi unapoandama huwa ndiyo kwanza umetoka kupita upande mmoja na jua. Viwili hivyo huivuta bahari pamoja, na siku moja au mbili baadaye maji hujaa kupita kiasi, kisha hupwa kupita kiasi. Mwezi mpevu hufanya vivyo hivyo, kwani hapo jua na mwezi hukabiliana na mivuto yao husaidiana. Mwezi ukiwa nusu, mvuto wa kimoja huupunguza wa kingine, nasi tukapata maji mafu. Mvuvi asiyejua kusoma hata herufi moja aweza kukueleza siku za bamvua bila ya kutazama kalenda. Sisi tuliokwenda shule, wenye saa mkononi na kalenda ukutani, ndio aghalabu tusiozijua.

Katika bandari ya Kilindini maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, hali maji mafu hupanda mita moja na kitu tu. Tena saa za bamvua hapa kwetu hazibadiliki sana. Siku ya Idd bahari huwa imekupwa kabisa kwenye saa tano hivi za asubuhi, na huwa imejaa kabisa kwenye saa kumi na moja hivi za jioni. Kila siku ifuatayo saa hizo husogea mbele kadiri ya dakika 50. Mtu akishika hayo machache, amekwisha kupata nusu ya elimu anayohitaji kabla ya kuwapeleka wanawe pwani.

Nusu ya pili ni hii: maji hayapandi sawasawa. Mabaharia wana hesabu yao ya zamani. Kujaa kwa maji huchukua saa sita na dakika chache. Ligawe ongezeko lote mafungu 12. Katika saa ya kwanza maji hupanda fungu moja tu. Ya pili, mafungu mawili. Ya tatu, matatu. Ya nne, matatu. Ya tano, mawili. Na ya sita, moja. Maana yake ni kwamba nusu ya maji yote huja katika saa mbili za katikati. Wakati wa bamvua nusu hiyo ni zaidi ya mita moja na nusu, nayo ni kimo cha mtoto wa miaka kumi na miwili. Basi siku ya Idd saa hizo mbili ni tangu saa saba hata saa tisa mchana, wakati ambapo wazee wamelala chini ya mnazi kwa shibe ya pilau.

Hebu tazama jambo linavyotokea. Saa tano bahari imetoka, na kati ya ufuo na mwamba pamebaki mchanga, majani na vidimbwi. Vijana huondoka kwa miguu kwenda mwambani kutazama samaki na kuokota makombe. Wanawake wanaotafuta pweza wako huko pia, lakini wao wana macho yao, hurudi mapema. Vijana hukaa. Saa ya kwanza maji hayana haraka, nao husema, "Bado." Sasa, chini ya bahari si sawasawa kama sakafu. Yako mafungu ya mchanga yaliyoinuka, na yako mabonde, na mara nyingi bonde liko karibu na ufuo kuliko fungu. Maji huingia kwa milango ya mwamba, yakajaza mabonde kwanza. Kijana amesimama juu ya fungu, maji yamemfika vifundoni, adhani ana nafasi, na huku nyuma yake, kati yake na mama yake, maji yamekwisha kumpita kichwa. Mtu wa namna hii hakuifuata bahari. Bahari ndiyo iliyomzunguka.

Jioni mambo hugeuka. Saa kumi na moja maji yamejaa mpaka penye mikadi, yametulia, ni mazuri ajabu, na kila mtu huingia. Kisha huanza kutoka. Kwanza pole pole, halafu kwa nguvu, na zile saa mbili za nguvu huangukia tangu saa moja hata saa tatu za usiku. Magharibi imeingia, giza limefunga, vichwa vya watoto havihesabiki tena, na maji yanavuta kwenda nje. Kama ningekuwa na amri juu ya ufuo wowote siku hiyo, ningewatoa wote majini jua linapozama, na atakayenung'unika na anung'unike.

Idd ya kuchinja si kama hiyo. Yaja siku ya kumi ya mwezi wa Mfunguo Tatu, maji mafu yakiwa ndiyo kwanza yameanza kupata nguvu tena. Maji hujaa karibu na adhuhuri, wala hayapwi mbali. Pasaka huja Jumapili inayoufuata mwezi mpevu, kwa hiyo mwaka mmoja hukuta bamvua, mwaka mwingine hukuta mkia wake tu. Krismasi na Mwaka Mpya hazifuati mwezi hata kidogo, na wageni watujiao kutoka bara ya mbali kwa siku hizo hawana budi kuuliza.

Wako watakaosema, "Sisi tumezaliwa pwani, maneno haya wape wageni." Neno hili nimelisikia mara nyingi, na naona ndilo neno la hatari kuliko yote. Tarehe 17 Desemba 1967 Waziri Mkuu wa Australia, Harold Holt, aliingia baharini mahali paitwapo Cheviot Beach. Alikuwa mwogeleaji hodari na mpenda kupiga mbizi, na ufuo ule aliujua kwa miaka mingi. Siku hiyo bahari ilikuwa imechafuka. Aliingia, maji yakamchukua mbele ya macho ya rafiki zake, na maiti yake haikuonekana mpaka leo. Baadaye watu wa Melbourne waliliita bwawa lao la kuogelea kwa jina lake, nami hata sasa sijui kama nicheke au nisikitike. Lakini hakuna mtu aliyeweza kusema kwamba Holt hakuijua bahari yake. Aliijua ilivyokuwa siku nyingine.

Yaliyomchukua ni mkondo, na mikondo tunayo. Mawimbi yakivuka mwamba humwaga maji ndani, na maji hayo lazima yarudi nje. Hayana njia ila milango ya mwamba. Mahali hapo huonekana patulivu kuliko pengine, mawimbi hayavunjiki, na ndiyo sababu mjinga hupachagua. Akivutwa, hugeuka akapiga mikono kwa nguvu zake zote kuelekea ufuo. Hilo ndilo limwualo, maana hachukuliwi na maji ila na uchovu. Mkondo haumvuti mtu chini. Humpeleka nje tu, na si mpana. Avutwaye na atulie, aelee, aukate mkondo kwa ubavu akifuatana na ufuo, na akiisha kutoka ndani yake arudi kwa mshazari. Asiyeweza kuogelea na aelee chali, ainue mkono mmoja, aite.

Haya ni ya Kisauni na Likoni upande wa bahari kuu. Kwenye mlango wa bandari, penye vivuko vya Likoni, habari ni nyingine. Jina la Kilindini lenyewe latosha: ni mahali penye kilindi, na mlango wake umechimbwa ili meli kubwa zipite. Maji yote yaingiayo na kutoka katika ghuba ya Port Reitz na vijito vyake hupita katika mlango huo mwembamba, na wakati wa bamvua hupita mbio. Hapo hapana mchanga wa kukanyaga. Hatua tatu, nawe uko kilindini. Kuna vijana wajirushao majini karibu na vivuko ili kushangiliwa na abiria. Mimi siwashangilii. Chombo kikubwa hakiwezi kusimama ghafla, na maji yaendayo kwenye parafujo hayachagui hodari na dhaifu.

Wakaao ng'ambo hii wanajua zaidi yangu jinsi nchi kavu iwezavyo kuwa karibu isifae kitu. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe kilipinduka kikiwa mita 40 hivi tu kutoka gatini. Ndani yake walikuwamo watu kama 400, hali kilipasa kuchukua 300. Waliokufa walikuwa 272. Mita 40 ni mwendo ambao mtoto aliyefundishwa kuelea na kujisukuma pole pole aweza kuumaliza. Sisemi kwamba kuogelea kungewaokoa wote, kwa maana wengi walinaswa na kubanwa na wenzao. Nasema kwamba watu waishio kwa kuvuka maji kila asubuhi na kila jioni, na wasijue kuelea, wamewekwa katika hatari ambayo haikuwa lazima.

Changamwe hakuna ufuo wa kujivunia, ila kuna vijito vya mikoko, na watoto huoga humo. Huko adui ni tope. Maji yakipwa miguu huzama, na mtu akivuta mmoja huzamisha wa pili. Maji yakirudi humkuta pale pale. Alale kifudifudi au chali juu ya tope, atambae, wala asisimame. Na tukumbuke mashimo yaliyochimbwa mawe ya kujengea, ambayo masika huyajaza: kingo zake zimekatwa wima, maji yake ni machafu, na mtoto akiteleza hapati pa kushika.

Juu ya mabwawa ya kuogelea sina mengi. Hayana bamvua wala mkondo, na kwa hiyo watu huyaamini kupita kiasi. Soma namba za kina zilizoandikwa ukingoni kabla ya kuruka kichwa mbele. Kama sakafu ya bwawa haionekani kwa uchafu wa maji, usiingie, maana aliyezama humo hataonekana pia. Na kabla ya mtoto kuvua nguo, uliza ni nani atakayemtazama, upate jina la mtu mmoja. Nimeona mara nyingi ya kwamba watu wazima kumi wakikaa kando ya bwawa, kila mmoja hudhani wale tisa wanatazama.

Kumtazama mtoto kwahitaji kujua utakachokiona. Wengi wetu twangoja kusikia ukelele. Azamaye hapigi kelele. Mdomo wake huibuka juu ya maji kwa nukta moja tu, naye huitumia kuvuta pumzi, sauti haipo. Kichwa huanguka nyuma, macho hukodoa, mikono huyakandamiza maji kama mtu apandaye ngazi isiyoonekana. Wenzake hudhani anacheza. Muda wote huo waweza usitimie dakika moja. Baadaye husemwa, "Jini la bahari limemchukua, hakulia hata kidogo." Sipendi kushindana na wazee juu ya majini. Lakini kule kutolia si ajabu ya jini, ni tabia ya mwili wa binadamu, na tukimtupia jini kila maiti hatutauliza kamwe saa ngapi maji yalikuwa yakitoka.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo lanisikitisha zaidi. Mara kwa mara magazetini twasoma kwamba wamezama wawili, au watatu, na ukichungua waona kwamba mmoja ndiye aliyezama, na wengine walikwenda kumwokoa: kaka, baba, rafiki. Azamaye hushika chochote kilicho karibu, na akishika shingo ya mwokozi wake hamwachilii. Hii si ubaya wa moyo. Hana akili ya kuchagua wakati huo. Kwa hiyo usiingie mikono mitupu. Mnyoshee kasia, ufito, au tawi la mti, nawe umelala chini ufuoni. Leso mbili zilizofungwa pamoja kwa fundo la nguvu hufika mbali kuliko mkono. Lakini kitu bora tulicho nacho kiko katika kila nyumba tangu Likoni mpaka Mtwapa, nacho ni dumu la plastiki la lita 20. Lifunge kizibo barabara likiwa tupu, nalo litamwelesha mtu mzima. Tia maji kidogo ndani ili lipate uzito wa kurushwa, lifungie kamba, lirushe. Wazazi wanaokwenda pwani na sufuria, majamvi na redio hawatashindwa kuchukua na dumu moja.

Akiisha kutolewa, kuna desturi ya kumning'iniza kichwa chini au kumkamua tumbo ili maji yatoke. Desturi hii na iachwe. Haitoi hewa iliyokosekana, hupoteza dakika, na tumbo likitapika hupeleka matapishi kifuani. Ubongo usiopata hewa huanza kuharibika baada ya dakika nne au tano. Kama hapumui, mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie kinywani pumzi tano hata kifua chake kiinuke. Kisha kandamiza katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka mara 30, kisha pumzi mbili, na uendelee hivyo bila kuchoka mpaka apumue au wafike waganga. Na ajapoamka akacheka, mpelekeni hospitali, iwe ya Likoni, ya Port Reitz, au hospitali kuu ya Pwani kisiwani, kwa kuwa mapafu yaliyoingiwa na maji yaweza kumgeuka saa kadhaa baadaye.

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya Desemba 2024, lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji duniani. Karibu nusu yao hawakufikia miaka 30, na robo walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mwaka huo huo wa 2021 Umoja wa Mataifa uliiweka tarehe 25 Julai iwe siku ya kukumbusha watu habari hii. Watoto wadogo namna hiyo hawaendi pwani wenyewe. Huenda na mama, shangazi, au dada mkubwa, na hapa ndipo ninapotaka kusema neno ambalo huenda lisimpendeze kila mmoja. Wavulana wa kwetu hujifunza kuogelea kwa kuchezacheza. Wasichana huambiwa wakae wakatunze viatu. Kisha tunawakabidhi hao hao watoto wetu kando ya maji, na buibui ambalo likilowa huwa zito kama gunia.

Kaskazini ya Unguja wameanza kuirekebisha hali hii. Tangu mwaka 2011 mradi uitwao Panje umewafundisha watoto na wasichana wa Nungwi na Muyuni kuelea, kuogelea na kuokoa wenzao, wakivaa mavazi ya kuogelea yanayofunika mwili wote, na walimu wao wakiwamo wanawake wa huko huko. Mwishoni mwa 2016 mpiga picha Anna Boyiazis aliwapiga picha wakiwa majini, na picha hizo zikapata tuzo katika mashindano ya World Press Photo ya mwaka 2018. Wazazi wa huko ni Waislamu kama wa Mtongwe na Kongowea, wana haya kama wao. Kilichofaa Nungwi kwa nini kisifae Shelly Beach, asubuhi ya maji mafu, mahali palipotengwa kwa wanawake?

Na nina ombi moja kwa wenye mamlaka. Majedwali ya maji ya Kilindini yapo. Halmashauri ya Bandari huyatoa kwa ajili ya manahodha. Naomba saa hizo ziandikwe kwa chokaa juu ya ubao, kwa Kiswahili na kwa saa zetu za Kiswahili, katika kila njia iteremkayo pwani, na ubao wa kwanza uwekwe Bamburi kabla ya mwezi wa Ramadhani kwisha.